Tangi la chambo hai kwenye boti ya migonzo: shajara ya mradi

Juni, wiki ya kwanza

Mradi ni huu: kutengeneza tangi litakalokaa ndani ya boti yetu ya migonzo na kumfikisha chambo kwenye ndoano akiwa na nguvu zake. Sisemi akiwa hai tu. Samaki anayepumua huku amelala ubavu ni hai, lakini usiku ule hana kazi.

Kwa asiyeujua uvuvi huu wa Ziwa Victoria: mgonzo ni kamba ndefu yenye ndoano mia kadhaa zinazoning'inia. Hutegwa jioni na kuvutwa alfajiri, na anayetafutwa ni sangara. Kila ndoano inavishwa samaki mdogo aliye hai, na kazi ya huyo mdogo ni kuhangaika gizani usiku kucha mpaka sangara amgundue. Akifa saa tatu usiku, ndoano hiyo imelala bure hadi asubuhi, na wewe umeshalipia petroli, chambo na vijana.

Boti nyingi hapa mwaloni kwetu, pale boti zinapofikia kwenye Ghuba ya Mwanza, zinabeba chambo kwenye mabeseni au madumu yaliyokatwa mdomo. Nyingine zinaacha maji chini kati ya mbavu za boti na kuwamwaga samaki humo humo. Kijana mmoja anakaa na kopo, anakumba na kuongeza. Maji ya chini ya boti hayakosi petroli na oili, hata kama ni utando mwembamba tu wa rangi rangi, na samaki anayapitisha maji hayo kwenye matamvua yake kila anapopumua. Nimeona beseni limejaa samaki wakati tunatoka, na nusu yake wameelea kabla ndoano ya mwisho haijaingia majini.

Sababu ya pili ya mradi ndiyo inayonikera zaidi. Chambo wengi hapa wanatoka kwenye kokoro. Kokoro, wavu wa kukokota hadi ufukweni, ni zana haramu, kila mtu mwaloni anajua, na wavu wake wa macho madogo unakomba kila kitu kwenye mazalia: vifaranga vya sato, vya ningu, na vya sangara mwenyewe tunayemtafuta. Halafu kuna furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili. Ziwa hili lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu. Sangara alipandikizwa kuanzia miaka ya 1950, akaenea, na kufikia miaka ya 1980 furu walikuwa wameporomoka, aina nyingi hazijaonekana tena tangu hapo. Waliobaki wamejiinua kidogo kuanzia miaka ya 1990. Kuwakomba hao waliobaki ili tuwavishe ndoano, kisha tukae kijiweni tulalamike kwamba sangara wanapungua, mimi sikubaliani nako. Boti haiwezi kuitwa halali kama chambo chake kimetoka kwenye kokoro.

Kwa hiyo nataka chambo wa bwawani. Nahodha wetu amenisikiliza na kusema sangara anamjua furu, kambare wa bwawani hatamtaka. Tumekubaliana kwamba tangi litajengwa, na ndoano ndizo zitakazosema.

Juni, bwawani

Nimekwenda kwa mama mmoja anayefuga kambare nje kidogo ya mji. Ana vifaranga wa gramu 10 hadi 15, urefu wa kidole cha kati au kuzidi kidogo, na anawauza kwa wafugaji wenzake na sasa kwa wavuvi pia. Nilimweleza tangi nililokuwa nimelichora: pipa limejazwa maji mpaka kwenye mfuniko ili yasipige mawimbi boti inapoyumba. Ndivyo wanavyofanya watu wa bahari kuu na samaki wao wa chambo, na kwa dagaa au furu ni sawa kabisa.

Akanitazama, akasema: "Mwanangu, ukiwafunikia hivyo watakufa maji. Njoo uone."

Akachota wachache kwenye karai. Nilichuchumaa pale kwa muda mrefu. Kambare mdogo anatulia chini, sharubu zimetandazwa, mashavu yanacheza polepole. Ghafla anapanda wima, anachomoa mdomo nje ya maji kwa muda wa kupepesa jicho, anameza hewa, anageuka kichwa chini, na akiwa njiani kushuka viputo vidogo vinamtoka pembeni ya kichwa. Hiyo ni hewa ya zamani anaitoa. Nyuma ya matamvua kambare ana kiungo kingine kilichojikunja kama koliflawa, chekundu kwa damu, na hicho ndicho kinachofyonza hewa ya juu. Ndiyo sababu anaishi kwenye tope la kiangazi ambako samaki wengine wanaisha. Kadiri anavyokua ndivyo anavyoitegemea hewa hiyo, na ukimzuia kufika juu maji yakiwa yamepungukiwa hewa, anakufa.

Hilo limebadilisha mchoro wangu wote. Furu anataka maji yenye hewa na pipa lililojaa. Kambare anataka nafasi ya kupumulia juu na anavumilia maji machafu kiasi. Tangi moja haliwezi kuwafaa wote kwa namna moja, labda liwe na namna ya kubadilisha kimo cha maji.

Mama alinipa mengine pia. Huwa anaacha kuwalisha siku nzima kabla ya kuwauza, maana samaki aliyeshiba huchafua maji njia nzima. Huwapanga kwa ukubwa kila wiki, kwa sababu kambare mkubwa humeza mdogo, na akishindwa kummeza humkata mkia. Na hawachoti kwa wavu. Kambare ana mwiba mgumu kila upande nyuma ya kichwa, anapoogopa huutanua, unanasa kwenye nyuzi, na kumnasua ni kumchuna ute wa ngozi. Anatumia kikapu cha plastiki chenye matundu laini. Nimenunua viwili siku hiyo hiyo.

Juni, hesabu ya hewa

Kabla ya kukata pipa nimekaa na kalamu.

Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kidogo kuliko ya pwani, na maji hushika oksijeni pungufu. Maji ya nyuzi 25 kule pwani, kama yangekuwa hayana chumvi, yangeshika miligramu 8.2 hivi kwa lita. Hapa kwetu yanashika 7.2 tu, na hapo ni yakiwa yameshiba. Yakipata jua mpaka nyuzi 30 yanashuka hadi 6.6.

Sasa chukua furu wenye uzito wa kilo 3 kwenye lita 100. Samaki mdogo wa maji ya joto, akiwa ametulia, hutumia takriban miligramu 300 za oksijeni kwa saa kwa kila kilo. Jumla ni 900 kwa saa. Sitaki oksijeni ishuke chini ya miligramu 4 kwa lita, kwa hiyo kwenye lita 100 nina takriban 320 za kutumia. Hizo zinaisha kwa dakika 20 hivi. Samaki aliyetoka kushikwashikwa hutumia mara mbili, na dakika zinabaki 10. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini beseni linakufa tukiwa bado tunaona nyumba za mwaloni, na kwa nini kijana wa kopo hawezi kushinda hata akijitahidi vipi.

Kuwatosheleza furu hao nahitaji maji mapya lita 5 kwa dakika wakiwa wametulia, 10 wakiwa wamechachamaa. Kwa kambare nahitaji pungufu sana ya hapo, ya kuondoa uchafu tu.

Juni, wiki ya tatu: pipa

Nimepata pipa la plastiki la lita 120, lile la mdomo mpana lenye mfuniko unaobanwa kwa pete. Muuzaji alikuwa na mengine ya bei nafuu zaidi lakini yananuka dawa ya kilimo. Pipa la namna hiyo usilichukue hata ukipewa bure. Plastiki inafyonza, halafu inatoa kidogo kidogo. Hili langu lilikuja na mafuta ya kula. Nimelisugua kwa maji ya moto na majivu, nikalianika, nikarudia mpaka mafuta yakaisha kabisa, kwani utando wa mafuta juu ya maji unazuia hewa kuingia. Sabuni sikuigusa, maana mabaki yake yanaharibu matamvua.

Kwa nini pipa la duara na si sanduku la mbao ambalo fundi angelitengeneza kwa nusu siku? Kwa sababu ya kona. Samaki hukimbilia kona, wanarundikana, wanagongana pua, na uchafu nao unakaa hapo hapo. Kwenye duara maji yanazunguka, na samaki anapata upande mmoja wa kuelekea.

Fundi amekata tundu kubwa katikati ya mfuniko na kuacha ukingo wa upana wa kiganja kuzunguka. Wimbi likipanda ukutani linagonga ukingo huo na kurudi ndani. Juu ya tundu tumefunga wavu laini unaofunguka upande mmoja, kwa sababu kambare akipata upenyo anatoka, na sakafu ya boti ikiwa na unyevu anatembea.

Bomba la kutolea maji ndilo lililochukua muda. Katikati ya pipa limesimama bomba la plastiki la inchi 2 linalopita kwenye kitako na kutokea ubavuni mwa boti. Kimo cha bomba hili ndicho kimo cha maji, yakizidi yanatoka yenyewe. Lakini yangetoka yale ya juu, mazuri, na uchafu ungebaki chini. Kwa hiyo tumelivika bomba pana zaidi la nje, refu kupita kimo cha maji, lililotobolewa matundu sehemu ya chini tu. Maji yanalazimika kuingilia chini, yanabeba kinyesi na ute, yanapanda kati ya mabomba mawili na kutoka. Bomba la ndani halikugundishwa. Linachomekwa. Nina mawili: fupi linaloacha upana wa kiganja na nusu chini ya mfuniko kwa ajili ya kambare, na refu linalojaza pipa kwa ajili ya furu. Mchoro wa tangi moja kwa samaki wa aina mbili umepatikana hapo.

Maji yanaingilia kwenye bomba la robo tatu inchi lililosimama ukutani, lenye matundu yaliyotobolewa kwa kulaza keekee ili maji yasukume kufuata duara. Kasi nimeipima kwa kuweka unyasi juu ya maji: uzunguke taratibu kiasi kwamba kidole kinaweza kuufuata bila haraka. Zaidi ya hapo kambare wadogo wanapigana na mkondo usiku kucha na kufika kwenye ndoano wamechoka.

Chujio la mdomo wa kuvutia maji ni kipande cha bomba chenye matundu mengi. Fundi alitaka kutumia wavu wa kuku. Nimekataa, kwa sababu ule wavu umepakwa zinki, na zinki ikiyeyuka majini ni sumu kwa samaki hata ikiwa kidogo. Kingo zote za matundu tumezilainisha kwa msasa, nikapitisha vidole mwenyewe ndani ya pipa zima. Kinachokuna kidole kitakuna na samaki. Gundi ya mabomba tumeiacha ikauke siku mbili, tukajaza maji na kumwaga, tukajaza tena.

Mahali pa pipa: katikati ya boti, chini, juu ya mbao zilizolazwa kwenye mbavu, na limefungwa kamba pande nne. Maji ya lita 100 ni kilo 100. Nahodha hakutaka liwe nyuma karibu na injini na mimi pia sikutaka, yeye kwa sababu ya uzito, mimi kwa sababu ya mtetemo na moshi.

Juni, mwishoni: pampu na betri

Pampu ni ile ndogo ya volti 12 inayouzwa kwa kukumbia maji ya boti. Imeandikwa galoni 500 kwa saa, yaani lita 1,900 hivi. Hicho ni kipimo cha pampu isiyopandisha maji. Kwetu inapandisha kutoka ziwani hadi juu ya ubavu wa boti, na ndoo ya lita 20 inajaa kwa dakika moja. Zinatosha: kwa furu iwake nusu ya muda, kwa kambare robo au chini yake.

Inakula ampia 2 hivi. Ikiwaka mfululizo kwa saa 10 inakula ampia-saa 20, na ikiwaka nusu ya muda inakula 10. Betri yetu ni ya N50, yaani ya ampia-saa 50, ya asidi, ambayo sitaki ishuke chini ya nusu, maana kuikamua mpaka mwisho kila usiku ni kuiua. Hapo usiku mzima unaingia bila wasiwasi. Kuchaji si tatizo mwaloni kwetu, watu wa dagaa na taa zao wameshazoea paneli za jua na kuna kibanda cha kuchajia. Betri imekaa kwenye sanduku lenye mfuniko, mbali na tangi la petroli, na fyuzi imefungwa karibu na nguzo ya betri. Cheche na mvuke wa petroli havikai boti moja.

Mdomo wa kuvutia maji unashuka kiasi cha mkono mzima chini ya uso wa maji, kwenye ubao unaoning'inizwa ubavuni tukiwa tumesimama au tunakwenda kwa makasia. Injini ikiwa inakimbia tunauinua, na pampu ile ile tunaitumbukiza ndani ya pipa ivute na kunyunyizia juu. Kunyunyiza kunaingiza hewa, hata kama maji ni yale yale.

Julai: maji ya mwaloni

Tumejaribu kwa mara ya kwanza na kambare, na jambo la kwanza lililojitokeza halikuhusu pampu.

Samaki walitoka bwawani asubuhi kwenye madumu, wakafika mwaloni mchana, wakaingizwa kwenye pipa lililojazwa maji ya kando ya ziwa. Kwenye madumu walikuwa wazima. Baada ya muda mfupi ndani ya pipa wakaanza kupanda juu kila mara, wengine wakizunguka kwa kushtuka. Maji ya pipa yalikuwa na nyuzi 29, ya madumu 25. Hilo peke yake ni pigo. Nikachovya karatasi za kupimia pH, yaani kiwango cha asidi (7 ni katikati, namba ikipanda asidi imepungua): madumu karibu na 7, pipa likasoma 9.

Maelezo yake ni haya, na kila anayesafirisha samaki anapaswa kuyajua. Samaki wanapokaa kwenye maji yaliyofungwa wanatoa amonia, na wanatoa kaboni dioksidi pia. Kaboni dioksidi inashusha pH, na kwenye pH 7 karibu amonia yote iko katika hali isiyo na madhara makubwa. Ile yenye sumu haifiki hata asilimia 1. Kwenye pH 9 na joto la nyuzi 25, ile yenye sumu inafika zaidi ya theluthi. Mchana wa jua, maji ya kijani ya kando ya ziwa hupanda pH kwa sababu mimea ile midogo inafyonza kaboni dioksidi yote. Kwa hiyo ukimwaga samaki pamoja na maji ya dumu ndani ya maji ya kijani ya saa nane mchana, amonia waliyosafiri nayo kwa amani inageuka sumu hapo hapo.

Utaratibu mpya: pipa tunalijaza tukiwa tumetoka nje kabisa, mbali na utando wa kijani, mbali na magugu maji. Chini ya magugu maji oksijeni ni haba, na vipande vyake vinaziba chujio. Samaki wanabaki kwenye maji yao ya bwawani mpaka hapo. Kisha tunaongeza maji ya ziwa kikombe baada ya kikombe kwa nusu saa, tunawatoa kwa kikapu, na maji ya dumu yanamwagwa ziwani. Hayaingii kwenye pipa. Madumu yenyewe sasa tunayafunika kwa magunia yaliyoloweshwa, na tunaondoka bwawani jioni jua likiwa limepoa.

Ndani ya madumu tunaweka chumvi ya kawaida, gramu 3 kwa lita. Samaki wa maji baridi hupoteza chumvi za mwilini anapoogopa au anapochubuka, na maji yenye chumvi kidogo yanampunguzia kazi hiyo. Kwenye pipa la boti hakuna haja, maji yanapita na kuibeba yote.

Julai, katikati

Safari za usiku zimekwenda vizuri. Kambare wanatulia zaidi pipa likiwa giza. Tumeweka kipande cha turubai juu ya wavu, kimeinuliwa kidogo ili hewa ipite. Kijana aliyekuwa wa kopo sasa ndiye mwangalizi wa pipa, na amekuwa na jicho kuliko mimi. Anaangalia mambo matatu: wanapanda kuvuta hewa mara ngapi, povu juu ya maji, na aliyekufa. Wakipanda mara kwa mara, maji yamechoka, anawasha pampu. Povu linalokaa bila kupasuka ni ute na uchafu, anawasha pampu na kuchota povu lenyewe. Aliyekufa anatolewa papo hapo, maana mmoja akioza kwenye joto hili anaharibu maji ya wote.

Mikono iwe imelowa kabla ya kumshika samaki. Mkono mkavu unachuna ute, na ute ndio ngozi yake ya kujikinga. Ndoano inapita kwenye nyama ya mgongoni juu ya uti, isiguse uti, na samaki anaingia majini hapo hapo bila kulazwa kwenye ubao. Tulizoea kuwapanga ubaoni kumi kumi ili kazi iende haraka. Sasa mmoja anatoa kwenye pipa, mmoja anavisha, mmoja anaachia kamba, na kasi imebaki ile ile.

Agosti: furu na kambare kwenye kamba moja

Nahodha ametaka furu wapewe haki yao, na ana haki ya kutaka. Shemeji yake anatega migono, mitego ya kusuka, kwenye maji mafupi, kwa hiyo tumepata furu bila kokoro. Tukachomeka bomba refu, tukajaza pipa, pampu ikawaka nusu ya muda. Walikaa vizuri kupita nilivyotarajia, wakielekea mkondo wote pamoja, midomo ikicheza kwa utulivu. Beseni halijawahi kutupa furu wa namna hiyo. Baadhi tuliowapata kwa mtu mwingine, waliotoka kwenye nyavu za kina kirefu, walikuja matumbo yamevimba. Kifuko cha hewa cha furu hakina njia ya kutolea hewa haraka, akivutwa juu kwa ghafla kinatanuka. Hao hawaingii kwenye pipa, hawaponi.

Tukavisha mgonzo kwa kupokezana, furu, kambare, furu, kambare. Alfajiri, kwenye ndoano ambazo hazikuguswa, kambare wengi walikuwa wanajipinda bado. Furu wengi walikuwa wamekufa. Sangara walikuja kwa wote wawili. Tulirudia, na tofauti ya sangara haikuwa ya kutosha kuwagombanisha watu. Nahodha alishika kambare aliyetoka majini asubuhi akitikisika mkononi, akasema, "Huyu amefanya kazi yake." Kisha akaniuliza bei ya jumla kwa mama wa bwawani.

Kuna swali la wanaobaki. Kambare huyu ni wa ziwa hili hili tangu zamani, si mgeni kama sangara, lakini samaki wa bwawani anaweza kuwa na ugonjwa, na hatumwagi waliobaki ziwani. Wanarudi nasi na kuhifadhiwa kwa ajili ya jioni inayofuata.

Agosti, mwishoni: hali ilivyo na kinachofuata

Hifadhi ya nchi kavu ndiyo iliyobaki dhaifu. Kizimba cha wavu tulichofunga kwenye maji ya mwaloni kimepata wageni wawili, mnandi (ndege mla samaki) na kenge, na maji yake mchana ni yale yale ya pH 9. Nataka pipa la pili kubwa kivulini, maji yabadilishwe asubuhi mapema.

Mama wa bwawani amekubali kututengea kambare wa ukubwa mmoja tu, gramu 10 hadi 12, na kuwaacha bila chakula siku nzima kabla hatujafika. Ameomba tumwambie siku tatu mbele, na ndivyo tutakavyofanya.

Boti mbili za jirani zimekuja kuangalia pipa. Mwenye mojawapo ameomba fundi wetu amtengenezee lake, na nimemwandikia vipimo vyote. Nimemsisitizia mabomba mawili ya ndani, fupi na refu, kwa sababu yeye bado ni mtu wa furu. Kwenye pipa lake bomba la kutolea litakuwa la inchi 2 na nusu. Letu la 2 huziba povu zito likiingia pamoja na vipande vya magugu maji, na kulisafisha gizani huku boti inayumba ni kazi ambayo haina haja ya kuwepo. Fundi anaanza kukata Jumatatu.